Biringanya la Mvuke, Mwezi wa Wafu

Tangu mwezi wa saba wa kalenda ya zamani ya mwezi mwandamo uingie, Cuiping alikuwa akipika upande upande, bega moja kwa jiko na bega moja kwa mlango. Si kwamba aliogopa. Angekuuliza nani kakwambia anaogopa, na angekuuliza akiwa ameshika kisu. Lakini kila alasiri, mvuke ulipoanza kupenya chini ya kifuniko cha sufuria, alisikia ndala zikija kutoka chumba cha nyuma, moja ikipiga sakafu na nyingine ikiburutwa. Zilipita ukutani penye kalenda, zikapita meza ya sebuleni, zikafika kwenye kizingiti cha jiko, zikakoma. Hazikuingia wala hazikurudi.

Ndala zile alizijua. Alikuwa ameishi nazo nyumba moja tangu alipoolewa, na sasa alikuwa na mvi na amestaafu kazi ya kiwanda cha nyuzi. Zilikuwa za mama mkwe wake, Bibi Jing, ambaye mguu wake wa kushoto ulilegea alipopatwa na kiharusi. Na Bibi Jing alikuwa amekufa majira ya baridi yaliyopita, na ndala zenyewe zilikwisha kuchomwa pamoja na nguo zake.

Mumewe Shugen hakusikia kitu. Shugen ni fundi baiskeli, mtu mwema, ila hata ukilipua fataki chini ya kiti chake atauliza kama kuna mtu amebisha hodi.

"Panya huyo," alisema.

"Panya gani anavaa ndala?"

"Basi bomba la maji."

"Bomba la maji linaburuta mguu?"

Shugen akarudi kwenye gazeti lake. Cuiping akafunua sufuria, akajifunika uso kwa mvuke, akakaa humo kidogo ili asionekane.

Ili uelewe kilichokuwa kikimtafuna, lazima ujue habari za jiko lile. Lilikuwa na wanawake wawili, na wawili katika jiko moja ni wengi. Bibi Jing alikuwa mpishi wa mafuta. Biringanya lake alilikata vipande vinene, akalitosa kwenye mafuta mpaka likayanywa yote, kisha akalimalizia kwa sosi ya soya na sukari hadi likang'aa. Watu wa mtaa mzima walilijua kwa harufu. Cuiping alitoka kwenye nyumba ambamo mafuta yalipakwa sufuria kwa kitambaa, basi. Kwao biringanya lilipikwa kwa mvuke. Lilipasuliwa kwa urefu, likawekwa kwenye mvuke mpaka nyama yake ikalegea, likachanwa kwa mikono nyuzi nyuzi bila kisu, likakamuliwa maji, kisha likamwagiwa kitunguu saumu kilichotwangwa, siki, sosi ya soya na matone ya mafuta ya ufuta. Siku ya kwanza alipoliandaa akiwa bi harusi, Bibi Jing alitazama sahani, akamtazama mwanawe.

"Nani mgonjwa humu ndani?" aliuliza.

Miaka ikapita hivyo, kila mmoja na lake. Halafu kiharusi kikaja, na daktari akasema mafuta yapunguzwe, chumvi ipunguzwe, la sivyo cha pili kitakuja na kitamchukua. Cuiping akashinda vita ambavyo hakuvipigana. Tangu siku hiyo likawa biringanya la mvuke, na la Bibi Jing likatiwa kwenye sahani yake peke yake, bila chumvi wala sosi ya soya, siki tu na kitunguu saumu.

Bibi Jing alilalamika kila siku iliyoamka. Aliwaambia majirani kwamba analishwa majani kama sungura. Lakini mezani alikuwa na mchezo wake. Aliiacha sahani yake, akanyoosha vijiti vyake pole pole mpaka kwenye sahani ya Cuiping, yenye chumvi, na Cuiping akavipiga kwa vijiti vyake.

"Yako ipo hapo, mama."

"Ya kwako tamu zaidi."

"Ni sufuria hiyo hiyo."

"Kama ni hiyo hiyo, unaninyimia nini?"

Na mara nyingine, Cuiping alipogeuka kuchukua mkate, aliporudisha macho alikuta sahani yake ina shimo na Bibi Jing anatafuna huku anatazama dari. Alijifanya hakuona. Tonge moja halimuui mtu, alijiambia, na ukweli ni kwamba alianza kugeuka makusudi.

Sasa siku ile ya mwisho. Ilikuwa baridi kali, mabiringanya ya dukani yalikuwa yale yanayooteshwa kwenye mabanda ya plastiki, na Bibi Jing alikuja mpaka kwenye kizingiti cha jiko akashika mwimo wa mlango.

"Cuiping, nikaangie. La mafuta. Hata nusu yake."

"Presha yako asubuhi ilikuwa juu."

"Nimeishi miaka yote hii, nife na hamu ya biringanya?"

Cuiping alikuwa amechoka. Mgongo ulimuuma, Shugen hakuwa amenunua makaa, na tangu asubuhi mama huyu alikuwa akimsimamia mlangoni. Akasema bila kugeuka, "Ukitaka kufa, kafie kwingine. Usifie kwenye jiko langu."

Ndala zikarudi zilikotoka. Jioni ile ile Bibi Jing akaanguka chooni, wakampeleka hospitali ya mjini, na kabla hakujapambazuka akafa huko, kwenye kitanda cha watu, chini ya taa ambayo haizimwi. Alifia kwingine, kama alivyoambiwa.

Neno hilo halikusikiwa na mtu mwingine. Shugen hakulijua, na Cuiping hakuwahi kumwambia. Waliporudi na mwili, Shugen alikaa kiti cha mbele cha gari akimwita mamake kila walipofika kwenye kona na kila daraja, maana aliyefia mbali na kwake haijui njia. "Mama, tunakunja kulia. Mama, tunavuka mto. Mama, huu ni mlango wetu, ingia." Alimwita sebuleni, akamwita chumbani kwake. Cuiping wakati huo alikuwa jikoni akichemshia wageni maji. Jikoni hakuna aliyemwita Bibi Jing.

Kwa hiyo ndala zilipoanza, hakuhitaji mganga amfafanulie. Mama mkwe amerudi nyumbani, anapita kila mahali, na penye jiko anasimama kwa sababu alikatazwa.

Mwezi wa saba malango ya kuzimu huwa wazi, na wafu huja kula kwa watu wao. Siku ya kumi na tano ndiyo kubwa. Mwezi ukiisha malango yanafungwa, na asiyekula kwao huondoka na njaa, akaungana na wale wasio na mtu, wanaookota makombo barabarani. Cuiping aliwaza Bibi Jing, mwenye maringo yale, akigombania makombo, na moyo ukamwuma kweli kweli. Basi kila jioni alimwekea sahani ndogo mbele ya picha sebuleni, akawasha udi, akangoja uishe, kisha akaonja. Kila mtu kwao anajua kwamba mfu akishakula, chakula hubaki umbo tu, utamu wote umekwenda naye. Alionja, na kila siku kitunguu saumu kilimchoma ulimi na siki ikamkunja uso. Hakijaguswa.

Siku mbili kabla ya siku kubwa, alikuja jirani yao Lianying, muuza mikate ya mvuke, kuomba mabiringanya. Cuiping alikuwa ameyapanda kwenye ndoo za rangi uani, na mwaka huo yalizaa mno. Lianying akaingia kuchukua mfuko, akaona sahani mbele ya picha, akainusa.

"Dada, hiki ni kitunguu saumu?"

"Ndiyo. Biringanya bila kitunguu saumu ni tambara la deki."

"Unamtegea mzimu kitunguu saumu?"

"Si mzimu. Ni mama mkwe wangu."

"Kwani mama mkwe akifa anakuwa nini, mwenyekiti wa mtaa?" Lianying alicheka mpaka akashika kiuno. Halafu akaonyesha mlango wa jiko, ambapo shungi la vitunguu saumu vya mwaka mzima, vilivyosukwa pamoja, lilining'inia msumarini, nene kama mkono wa mtu mzima. "Mlangoni kitunguu saumu, kwenye sahani kitunguu saumu. Watu hutundika hivi kufukuza mashetani, wewe unaita navyo wageni. Maskini Bibi Jing. Hata mimi niliye hai macho yananitoka machozi."

Cuiping alilitazama lile shungi. Alilijua jambo hilo tangu utotoni. Mama yake mzazi alimkataza hata kuigusa meza ya wahenga kwa mkono ulionuka kitunguu saumu. Alisahauje? Mkono ulikuwa umezoea, ndivyo alivyojijibu. Lakini Lianying alipoondoka na mabiringanya yake, wazo jingine lilimjia na halikumtoka tena. Pengine mkono haukusahau. Pengine aliyesema kafie kwingine bado alikuwa mumo humo ndani yake, akifunga mlango kila jioni kwa adabu zote.

Siku ya kumi na tano akaamka na nia moja. Alilishusha shungi, akalipeleka kwenye banda la baiskeli, akafagia maganda, akapangusa mwimo wa mlango kwa maji ya moto. Alasiri akachuma mabiringanya mawili bora. Akayakata vipande vinene kama alivyoona yakikatwa miaka yote ile, akamimina mafuta kwenye kikaango, akamimina tena, akiona uchungu wa ubadhirifu ule. Vipande vikalia, vikanywa, vikaomba mengine. Akatia sosi ya soya, akatia sukari, hakutia kitunguu saumu. Harufu ikatoka hadi mtaani, na akamsikia mzee mmoja nje akisema, "Ah, biringanya la Bibi Jing." Kisha mzee huyo akakumbuka, akanyamaza.

Ndala zikaja. Moja ikipiga, nyingine ikiburutwa, mpaka kwenye kizingiti.

Cuiping alimimina chakula kwenye sahani. Sasa ilimbidi apite mlangoni ili aifikishe sebuleni. Vinyweleo vilimsimama kuanzia mikononi mpaka shingoni, na pale mlangoni hewa ilikuwa ya baridi, mwezi wa jasho kama ule. Akageuka ubavu, akajibana kwenye mwimo, akapita kama mtu anavyompisha mwenzake penye wembamba.

"Samahani, mama," alisema. Neno lilimtoka lenyewe.

Shugen alikuwa anavaa viatu. Alikuwa anakwenda njia panda kuchora duara la chokaa na kuchoma humo fedha za karatasi za wafu, akiacha pengo upande wa kaburi ili mamake aingie azichukue. Alisimama mbele ya picha, akanusa, na macho yakamlowa.

"Umemkaangia."

"Nimemkaangia."

"Angefurahi," akasema Shugen, akatoka haraka.

Cuiping akawasha udi. Akakaa pembeni, mikono mapajani, akiutazama ukipungua. Bibi Jing kwenye picha alikuwa amekunja midomo, kama alivyokuwa akiikunja kila alipoandaliwa chakula. Udi uliisha, majivu yakadondoka. Cuiping akachukua vijiti, akaonja.

Kilikuwa kitamu. Mafuta, sukari, sosi ya soya, kila kitu kilikuwapo, chote kabisa, hakuna kilichochukuliwa. Alionja kipande cha pili kuhakikisha. Halafu akaweka vijiti chini na kulia kwa sauti, mwanamke mzima, kamasi na machozi. Amekuja na amekataa, aliwaza. Umechelewa, ndilo jibu lake. Alikiomba akiwa na meno, wewe unampa akiwa hana kinywa.

Lakini Shugen angerudi na njaa, na presha yake mwenyewe haikuwa ya kuchezewa, kwa hiyo chakula cha walio hai ilibidi kipikwe. Cuiping akarudi jikoni akipangusa uso kwa kiwiko. Biringanya la mvuke, aliloliweka jikoni kabla ya kukaanga, lilikuwa limeiva zamani. Alilichana nyuzi nyuzi, akalikamua maji. Akaenda bandani, akachomoa kichwa kimoja cha kitunguu saumu, akasita nacho mlangoni, kisha akaingia nacho. Alikuwa amechoka kuwa mjanja. Akatia punje kwenye kinu pamoja na chumvi ya kutosha, maana bila chumvi punje huruka nje, akatwanga. Siki, sosi ya soya, matone ya ufuta, vyote akavimwagia juu ya biringanya. Akachovya ncha ya kijiti akaonja. Lilikuwa sawasawa, kali, lenye chumvi yake. Akalifunika kwa bakuli.

Ndipo akavuta kigoda chake akakaa kuelekea kizingiti. Hapakuwa na kitu. Sakafu, mwimo, msumari mtupu.

"Mama," alisema. "Siku ile nilisema neno. Wewe unalijua, na mimi nalijua. Mgongo uliniuma, lakini si sababu. Nilikuambia ukafie kwingine, na ukaenda. Kwa nini ulinisikiliza siku ile, wewe ambaye hukunisikiliza hata siku moja?"

Nje mtu alikuwa anaita watoto waingie ndani, bila kuwataja majina ili wafu wasiyasikie, kama watu wanavyofanya mwezi ule.

"Nilisema jiko langu. Hili jiko ulilijenga wewe na marehemu baba. Mimi nilikuta mlango upo. Ingia basi. Hakuna anayekukataza. Mimi ndiye niliyekukataza, na mimi ndiye ninayekukaribisha. Kama ni kitunguu saumu, kivumilie, ulikivumilia miaka mingi."

Maji yaliyobaki kwenye sufuria yalitoa mlio mdogo yakipoa. Cuiping alingoja mpaka akaona haya, mtu mzima anaongea na mlango. Akasimama, akageuka kuchukua mikate kwenye kabati. Na akiwa amegeuka hivyo akasikia ndala ikiburutwa, mara moja tu, nayo haikuwa kwenye kizingiti. Ilikuwa ndani.

Hakugeuka. Alishika kabati kwa mikono yote miwili, macho ameyafumba, akahesabu mikate ambayo haikuwa na haja ya kuhesabiwa.

Shugen alirudi ananuka moshi. Wakaandaa meza pale pale jikoni, sahani moja katikati, kwa sababu tangu mama afe hapakuwa na haja ya sahani mbili. Shugen alichota tonge kubwa, akatafuna, akaacha kutafuna.

"Umesahau chumvi."

"Sikusahau."

"Na siki. Na nini hiki, hata kitunguu saumu sikisikii. Cuiping, unaumwa?"

Cuiping akaonja. Nyuzi laini zilimpita ulimini, zina joto, hazina kitu. Chumvi aliyoitia kwa vidole vyake na kuionja kwa ulimi wake haikuwapo. Alitazama kinu, bado kina maji maji ya kitunguu saumu. Alitazama kopo la chumvi, bado liko wazi. Baridi ilimpanda mgongoni, ikafika shingoni, na nyuma ya baridi hiyo kikaja kitu kingine kilichomfanya aweke mkono mdomoni. Biringanya la mafuta, aliloliomba Bibi Jing mpaka siku ya mwisho, ameliacha sebuleni limelala na utamu wake wote. Ameingia huku jikoni kuiba kwenye sahani ya mkwe.

Shugen alikuwa ameshainuka. "Ngoja nilete chumvi."

"Kaa."

"Haliliki hivi."

"Kaa, nimekwambia."

Shugen akakaa. Cuiping alichukua vijiti vyake, akapiga ukingo wa sahani pole pole, kama alivyokuwa akivipiga vile vya mama mkwe.

"Yako ipo sebuleni, mama," alisema, na sauti yake haikuwa ya mtu anayetania wala ya mtu anayelia.

Shugen alimtazama, akatazama kigoda cha upande wa pili wa meza, kile cha mamake, ambacho asubuhi kilikuwa kimesukumwa chini ya meza na sasa kilikuwa kimevutwa nje. Alifungua mdomo ataje panya. Akaufunga.

Cuiping akaisukuma sahani mpaka mbele ya kigoda kile, akageukia dirisha, akakaa hivyo muda mrefu bila kutazama nyuma. Jioni hiyo yeye na mumewe walikula mikate mitupu.